Maji ya Lango la Nne: Kumbukumbu ya Shangazi Panchfula Ramteke

Usigeuze ukurasa. Tunakujua. Jicho lako linatua kwenye picha ya mama mwenye miwani na shada la maua, linasema "masikini," kisha linakimbilia matokeo ya kriketi. Mwaka jana ulifanya vivyo hivyo. Ulikuwa pale Lango la Nne na tiketi yako mkononi, ukaona wazee wakilazimishwa kumwaga maji yao chini, ukatazama simu. Basi leo hatuongei nawe. Tunaongea na marehemu wetu. Wewe kaa hapo usikie.

Shangazi Panchfula, mwaka umetimia tangu ututoke katika jukwaa la mashariki, Simbamarara wa Chandrapur wakiwa uwanjani na watu wao wakiwa hawana tone. Walitangaza kwamba umeuawa na joto. Joto! Joto la mji huu wa makaa ya mawe tumezaliwa nalo. Linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na wewe uliliishi miaka sitini na saba, kitunguu chako kimefungwa kwenye pindo la sari kama kinga, ukilicheka. Kilichokuua ni amri, na amri ina mwenyewe.

Wanasema kumbukumbu iandikwe kwa maneno matamu. Tutayasema, kwa kuwa ulikuwa mtamu. Ulipika katika shule ya manispaa karibu na machimbo mpaka magoti yakakataa. Ulimjua kwa kumtazama tu mtoto aliyelala njaa, na sahani yake haikupata kijiko kimoja, ilipata viwili, wala hukumwambia mtu. Redio ilikaa juu ya gunia la dengu. Mpigaji wetu akitolewa, wiketi ikaanguka, wali uliungua. Mwalimu mkuu akija kulalamika, ulimjibu, "Mimi sijaunguza kitu, Guruji. Muulize nahodha, ndiye aliyeupiga mpira ule hewani kama mtu anayefukuza kunguru."

Ligi ya Miji ilipotuletea timu, wachezaji wakinunuliwa kwa mnada kama mbuzi wa sikukuu, wengi wetu tulinuna. Wewe ulisema, "Wanunuliwe wanavyonunuliwa. Jasho watalitoa hapa kwetu." Ukaenda kuweka panpoi yako nje ya Lango la Nne, chini ya mwarobaini: mitungi ya udongo imevishwa magunia yaliyolowa, ndani yake mizizi ya nyasi zile zenye harufu ya mvua ya kwanza. Maji ya sadaka, bure kwa yeyote, kila siku ya mechi.

Sheria zako zilikuwa mbili. Anayegawa hunywa mwisho. Na kila mtu hushika kata kwa mkono wake mwenyewe, anachota mwenyewe. Wageni walidhani ni uvivu. Sisi tulijua. Kijijini kwa babu yako watu wetu walikuwa wakimiminiwa maji kutoka juu, viganjani au katika kibakuli walichotengewa, wasije wakagusa chombo cha watu wa tabaka la juu na kukitia unajisi. Babu yako alikuwamo katika umati uliokusanyika Chandrapur mwaka 1956 kuukana uchafu huo na kuingia dini ya Buddha, akarudi nyumbani akavunja kibakuli cha kunyweshewa. Ndiyo maana mtu akikunyooshea viganja, ulimpa kata. "Shika mwenyewe. Hapa hakuna mkono mchafu." Akisitasita, ulimngoja. Ulikuwa na subira ya mtu anayengoja dengu ziive.

Msimu ule, Shangazi, Simbamarara walianza kwa kuraruliwa wao. Mechi nne, vipigo vinne. Magazeti yaliwaita paka wa jikoni. Wewe uliwaita vibaya zaidi, lakini mitungi ulijaza. Tunamkumbuka yule kijana wa Surat aliyefika na jezi ya Almasi, timu ya kwao, midomo imekauka, akauliza kwa haya:

"Mama, maji haya ni ya watu wa Simbamarara peke yao?"

"Ni ya wenye kiu. Kunywa, mwanangu, kunywa sana. Jioni utalia, na machozi yanataka maji."

"Mmechapwa mechi tatu mfululizo, na bado mna mdomo hivyo?"

"Mdomo ndio uliobaki, baba. Mikono ya wapigaji wetu bado imelala."

Alicheka mpaka maji yakampalia. Jioni hakulia, tulilia sisi. Ukampa ya njiani.

Kisha ikaja mechi ya tano. Basi la timu lilipita langoni, na Nirbhay Kumre, mrushaji wetu wa kasi, mtoto aliyekula wali wako ulioungua miaka saba, akamwomba dereva asimame. Akashuka mbele ya watu wote, akakusalimu kwa salamu ya watu wetu.

"Jai Bhim, Shangazi. Nipe maji."

"Mnada umekunenepesha. Huna mkono? Shika kata mwenyewe."

Akanywa, akaenda, akaangusha wiketi tano. Basi! Unawajua watu wa kriketi. Mtu akikaa mguu juu ya mguu na timu ikapata, haushushi mguu ule mpaka msimu uishe. Kesho yake mji mzima uliamini kwamba ushindi uko ndani ya mitungi ya Panchfula. Foleni ikazunguka mwarobaini. Simbamarara wakashinda tena, na tena. Wenye magari wakaja kuchota. Hata wale ambao nyanya zao wasingegusa chombo chetu walikaa kwenye foleni, wakashika kata. Ulituambia jikoni, huku unajikanda magoti, "Mmeona? Sheria imeshindwa, vitabu vimeshindwa, mpira umewaleta."

Ndani ya uwanja, chupa za kampuni iliyopewa haki ya kuuza maji zikabaki kwenye masanduku. Ndipo akaja yule bwana mwenye kitambulisho shingoni.

"Mama, ondoa hivi vyombo. Maji ya eneo hili yana mwenyewe."

"Nani huyo? Mwite nimsalimie. Mwaka jana mvua yake ilichelewa sana."

Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Ni suala la usalama. Hatujui umeweka nini humo ndani."

"Shika kata uonje, utajua."

Alitazama kata. Akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Ukasema taratibu, Shangazi, "Aa. Kumbe ni wewe. Babu yangu alinihadithia habari zako."

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa dhidi ya Almasi wa Surat, ya mchana, jua likiwa utosini. Tukishinda tunaingia nusu fainali. Kabla mageti hayajafunguliwa, lori lilikuja likabeba mitungi. Iliyopasuka waliiacha hapo, vigae na magunia. Watu wa foleni walisimama kidogo, wakasema "loo, loo," wakaingia zao. Hao ni nyinyi mnaosoma.

Kilikubakia chombo kimoja cha shaba ulichokuwa umekipakata. Ulikwenda nacho langoni, wifi yako Kusum pembeni yako, tiketi zenu za jukwaa la mashariki, lile lisilo na paa. Mlinzi alikuwa Dhanraj, mwenye masharubu, tunamjua, kwao ni ng'ambo ya reli.

"Shangazi, nisamehe. Maji ya nje hayaingii. Yamwage hapo."

"Umesimama juani tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Wamekupa nini?"

"Wamenipa fulana."

"Fulana hainywewi. Shika."

"Nitafukuzwa kazi, Shangazi!"

"Kwa kosa gani? Amri inasema maji yasiingie yakiwa chomboni. Yataingia yakiwa tumboni mwako, na wewe una kitambulisho."

Dhanraj alicheka, halafu akanywa. Alikunywa yote, maana alikuwa na kiu kuliko alivyojua mwenyewe. Ulikipindua chombo, ukamwonyesha yule bwana wa mitungi, aliyesimama pembeni ya lango, kwamba hata tone halikuanguka chini, ukapita umenyoosha shingo. Sheria yako ilikuwa anayegawa anywe mwisho. Mwisho hayakubaki.

Mwenye nguvu mpishe, walituambia wakubwa. Wewe siku ile hukumpisha mtu.

Ndani, kibanda cha maji cha jukwaa letu kiliishiwa mapema. Bomba liko upande wa magharibi, ng'ambo ya uzio, kwenye kivuli. Simbamarara walikuwa wanafukuzia mikimbio ya Surat, na wapigaji wetu wawili walikuwa wamekaa imara, mpira unakwenda ukutani kila mara. Uliinuka ukatafute maji. Mtu wa nyuma akakushika bega kwa upole kabisa.

"Shangazi, kaa, nakuomba! Ukiinuka wiketi itaanguka!"

"Kweli, Shangazi," wakasema wengine, "usituue!"

Ukacheka. Ukakaa. Hata wewe uliamini, ndio ulivyokuwa, hukupata kuhama kiti timu ikiwa inapiga vizuri. Wapo watakaosema ushirikina wetu ndio uliokuua. Tunawajibu: hirizi haikuchukua mitungi kwa lori, wala si hirizi iliyoliweka bomba upande wenye viti vya mito.

Kisha yakaja mapumziko, yale ya wachezaji kunywa. Kigari kikaingia uwanjani na mwavuli mkubwa juu yake, glasi zinatoa jasho kwa baridi. Ukasema, na Kusum alikusikia, "Tazama. Wao wanakunywa." Ukaegemea bega lake. Alidhani umesinzia. Mpira wa kwanza baada ya mapumziko ulipigwa ukavuka mpaka hewani, mikimbio sita, jukwaa zima likainuka, na wewe hukuinuka.

Watu wanne usiowajua walikubeba kwenye ngazi. Gari la wagonjwa lilikuwepo, Shangazi. Liliegeshwa kwenye lango la wachezaji. Ulipofikishwa pale ulikuwa umekwisha kwenda. Simbamarara walishinda. Fataki zilipigwa, Kusum amekushika mkono.

Walitoa tangazo: joto limemuua bibi mzee aliyekuwa na maradhi ya siku nyingi. Maradhi gani? Ya magoti? Tangu lini goti likamuua mtu akiwa ameketi?

Dhanraj alikuja msibani amekwisha vua fulana yao. Akasimama mbele ya watu akasema, "Maji yake niliyanywa mimi. Niliamriwa yamwagwe. Popote mtakaponiita nitayasema haya." Hajapata kazi ya maana hadi leo, na hajayameza maneno yake. Nirbhay naye alikuja, bila kamera. Alikaa sakafuni, akala mkate wa mtama na pilipili tuliyokuwa nayo, akasema, "Nikifungua mdomo wataniuza." Hatukumjibu siku ile, msiba ulikuwa mbichi. Leo tunamjibu. Nirbhay, watakuuza hata ukinyamaza, ndiyo kazi ya mnada. Fungua mdomo.

Mwaka huu wenye timu wametutumia watu, wamekuja na boksi la peremende. Wataonyesha picha yako kwenye ile skrini kubwa, wakasema, na watatenga kiti chenye jina lako, katika jukwaa la magharibi, kivulini. Sharti lao ni moja: mitungi isirudi. Kiti cha kivulini, Shangazi! Wamekukumbuka kivuli sasa! Mwanao Prashik aliwarudishia boksi lao likiwa halijafunguliwa. "Mama yangu alikuwa na kiti," aliwaambia. "Alichokosa ni maji. Fungueni lango." Yule mkubwa wao akamwambia ajifunze kusahau. Prashik akamjibu kwamba ukoo wetu una kipaji cha kila kitu isipokuwa hicho.

Msimu huu tumeiweka mitungi mara mbili chini ya mwarobaini. Mara mbili lori limekuja. Tulikuwa watu wa nyumba moja na majirani wachache, ilikuwa rahisi kutusukuma. Amri ya langoni iko vilevile, na wazee wako vilevile juani, wanamwaga maji yao, wanaingia mikono mitupu. Jumapili hii Surat wanarudi, mechi ya mchana tena. Mitungi itawekwa kwa mara ya tatu. Ikibebwa na Jumapili hii, wakili wao ametuambia, eneo lote litazungushiwa uzio na mwarobaini utakatwa, na hapo hakuna atakayekunywa bure tena.

Tunaokukumbuka ni mwanao Prashik na mkewe Ashvini. Binti yako Sujata, aliyeacha kutazama kriketi na ameanza tena kwa hasira. Wifi yako Kusum, ambaye bega lake mpaka leo linamuuma bila jeraha. Kaka yako Namdeo. Wajukuu wako Ovi na Tathagat. Wapwa zako wote. Dhanraj, ambaye kuanzia mwaka huu tunamhesabu wa ukoo. Na watoto wa shule ya machimbo, waliolishwa na mkono wako na sasa wana watoto wao. Lala, Shangazi. Kukusahau hakumo katika damu yetu, na kukunyamazia hakumo katika vinywa vyetu, mpaka wa mwisho wetu atakapozikwa au kuchomwa.

Sasa wewe uliyekuwa unasikiliza. Jumapili njoo Lango la Nne kabla ya adhuhuri, uje na mtungi wa maji. Lori likifika, kaa chini mbele yake pamoja nasi. Ukifika mlangoni ukaambiwa umwage, usitukane, usipigane, usimwage. Simama tu hapo, na aliye nyuma yako asimame, na aliye nyuma yake, jukwaa la mashariki libaki tupu na kamera za televisheni zionyeshe saruji, hadi waseme piteni na maji yenu. Lete na jirani yako. Usitusubirishe tena tukutafute kwenye umati. Weka gazeti chini, inuka, ujaze.