Albania ya Ghorofa ya Juu

Jumapili, 13 Oktoba 2019

Baba, bosi wangu, amesafiri. Ameenda Albania kuendesha baiskeli milimani, wiki nzima. Yuko ghorofa ya juu.

Sitanii. Jana Samuel, dereva wetu, alimpeleka airport na sanduku na baiskeli iliyoviringishwa kama maiti. Wakarudi wote watatu — baba, sanduku, baiskeli. Samuel amenieleza leo jikoni huku akila mkate wangu: "Huyo jamaa aliogopa ndege. Tulikaa parking mpaka ikapaa. Akaniambia turudi home, na nifunge mdomo."

Mwanamume mzima, na ndevu anazipaka mafuta.

Angesema tu ukweli. Lakini Idi iliyopita, kule Jeddah kwa mama yake, alijigamba mbele ya ukoo wote. Kwamba atavuka ile milima ya Balkani ambayo hata watalii hawaijui, peke yake, kwa baiskeli. Kaka yake mkubwa akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Sasa hawezi kukosa kwenda. Kwa hiyo ameenda.

Madam, mkewe, ameniita chumbani. Baba mafi, amesema. Mtu yeyote akiuliza, hayupo. Na mapazia yasifunguliwe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimepiga deki Albania.

Baiskeli imefungwa kwenye chuma. Gurudumu la nyuma linazunguka na haliendi popote. Mbele yake televisheni ya ukuta mzima: milima, ziwa, daraja la mawe, vijiji ambavyo sijui nani anaishi humo. Simu ameiunganisha na spika kubwa ili asikie upepo na kengele za mbuzi. Hao mbuzi wanasikika mpaka jikoni. Amevaa kaptula ya kubana yenye sponji matakoni, na helmeti. Helmeti! Ataangukia nini, zulia?

Kaka yangu Bonface hupanda kilima cha Mbale na kreti za mikate kwenye baiskeli ya blakimamba isiyo na breki, na hajawahi kumtumia mtu picha. Huyu kila akifika "kileleni" madam anampiga picha na mlima nyuma yake, inatumwa Jeddah. Mashallah zinamiminika.

Nikamkumbusha exit yangu, ile ruhusa ya kutoka nchi hii nirudi kwetu. Mkataba wangu uliisha mwezi uliopita. Mwanangu Ashley anafanya mtihani wa darasa la nane mwisho wa mwezi huu, na nilimwahidi kuwa asubuhi ya kwanza ni mimi nitakayemsindikiza hadi kwenye geti la shule. Hata si kusaini. Ni kubonyeza tu kwenye simu, na simu iko mbele ya pua yake kutwa.

Akanitazama akihema. Halas, yatosha, Truphena, akasema, si nilikwambia nikirudi?

Nikirudi! Na mimi niko chini ya miguu yake napangusa jasho lake.

Nilikwenda bafuni nikalia. Si huzuni, ni hasira. Kisha nikasuuza deki, maana jasho halijisuuzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Asubuhi ameingia Montenegro. Hakuna aliyemuuliza ikama, kile kibali cha kuishi, wala kafili wake, tajiri wa kumdhamini, ni nani. Amevuka mpaka akiwa na soksi, ameomba juisi ya embe.

Nitaandika jambo moja ambalo sitamwambia mtu: nchi yenyewe ni nzuri. Ni kama kwetu Maragoli, ila mawe yao meupe. Kuna mama alitokea kwenye picha, kitambaa kichwani, mzigo wa kuni mgongoni, anapanda. Nikaacha kufagia nimwangalie. Baba akampita bila hata kugeuza shingo. Mchana akarudia kilima kilekile kwa sababu picha haikutoka vizuri, akampita tena.

Jumatano, 16 Oktoba

Njia ya mwongo ni fupi. Leo imefika mlangoni na sanduku.

Mama Kabira, ndivyo tunavyomwita mama mzazi wa baba, amekuja kutoka Jeddah bila kumwambia mtu. Amesema haiwezekani mke wa mwanawe akae peke yake na mume yuko mbali. Atakaa naye hadi baba arudi. Madam akatabasamu kama mtu aliyeumwa na siafu katikati ya ibada.

Bahati yao, magoti ya Mama Kabira hayapandi ngazi. Lakini anamtaka madam ubavuni kutwa, wanywe kahawa, waangalie picha za Albania. Wa kupanda na sinia ni mimi tu. Baba sasa hatoki nje, hachungulii dirishani, anakula anacholetewa, anapoletewa. Nilitaka sana kumwambia karibu kwenye maisha yangu.

Alasiri mbuzi wakalia. Mama Kabira akainua kichwa. Madam akasema ni wa jirani. Hapa Al-Malqa, mtaa wa matajiri, jirani afuge mbuzi!

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama Kabira ameniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia habari za Ashley. Mkataba? Umeisha. Sasa mbona bado uko hapa? Namngoja baba arudi, mama.

Madam akaanza kukohoa.

Mama Kabira alikasirika, wala si na mimi. Alisema mtu aliyemaliza kazi yake kumshikilia ni dhambi, na huko Albania simu zipo. Akishaswali atampigia mwenyewe.

Nikatoka na sinia. Madam akaniwahi kwenye korido: nikifungua mdomo, nitakaa hapa mwaka mwingine. Sijui kama anaweza. Naogopa kwamba anaweza.

Nikamwambia baba mlangoni. Mama yako atapiga sasa hivi. Bonyeza exit yangu kwanza, nishuke nimwambie imetoka, hatakuwa na sababu ya kupiga. Mlango haukufunguliwa. Akasema nimwambie milimani hakuna network. Gurudumu likaanza tena, na mbuzi wake.

Nimekaa ngazini, sinia pembeni, kidaftari gotini. Chini wanaswali. Ashley atanihesabu mwongo kama hawa.

Wamemaliza.

Simu inalia kwenye spika. Nyumba nzima inalia. Ndani kuna kishindo, nadhani ameanguka. Helmeti imefaa.

Mama Kabira ananiita kutoka chini, polepole kabisa: Truphena, hiyo ni simu ya nani? Madam yuko nyuma yake, ananitikisia kichwa. Na nyuma ya mlango baba ananong'ona: sema ni yako, nabonyeza, wallahi nabonyeza, sema ni yako.

Nimemjibu Mama Kabira: nakuja, mama, nishike sinia kwanza.

Simu yangu iko mkononi. Exit ikitoka, huingia ujumbe. Naitazama, bado haujaingia. Mama Kabira ameniita mara ya pili, na wali unapoa.