Mikanda Haikuchanganywa

Kaka yangu Karim,

Wamesema nimechanganya mikanda ya filamu. Mimi! Mimi ninayefungua kila mkebe kwa mkono wangu na kusoma namba ya ubavuni kabla mtu wa mashine hajaruhusiwa hata kugusa kifuniko. Jumba zima lilisimama katikati ya filamu, wakapiga viti, wakanizomea, kwa sababu ya kauboi mmoja aliyekufa mapema. Na aliyeongoza zomeazomea ile ni Suleiman, Sule wako, uliyekuwa ukila naye sahani moja. Basi nakuandikia wewe, na nakuandikia hadharani ili na yeye asome, maana sheria waliyonipigia nayo kelele ni ile ile uliyonifundisha wewe.

Unaikumbuka. Ilikuwa Mombasa, kwenye viti vya mbele, vile vya mbao vilivyokuwa vikituuma mapaja. Ulinishika kidevu ukanigeuza uso nikutazame. "Nuru, sikiliza. Kwanza mjue stelingi. Stelingi ndiye mwenye filamu. Adui atampiga, atamfunga kamba, atamchomea nyumba, lakini stelingi hafi." Siku tulizochelewa ulikuwa ukiuliza gizani hata hujaketi, "Stelingi nani?" na mtu usiyemjua akakujibu kwa adabu zote, "Yule wa kofia nyeupe." Hapo ukatulia kama msafiri aliyeonyeshwa kibla.

Mimi nilikuwa na maradhi yangu ya kuhesabu. "Kaka, bastola yake ina matundu sita. Mbona amepiga mara kumi na moja?"

Safu ya nyuma wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. "Stelingi hahesabiwi risasi," ulisema, ukanitia njugu mdomoni ninyamaze. Nilinyamaza, lakini sikuacha kuhesabu. Niliwahesabu hata wale wanaoporomoka kutoka kwenye mapaa na migongo ya farasi, nikakuuliza nani huwazika. Hilo nalo ulilijibu kwa njugu.

Halafu Birmingham. Tulikuja na pasipoti za Kiingereza alizotuachia baba na masanduku yaliyofungwa kwa kamba. Wewe ukapata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, mimi nikapata cherehani kwenye karakana ya makoti, Mama akapata baridi. Nilishona mpaka siku niliyogundua kwamba jumba la sinema la mtaani kwetu, Sparkbrook, halifunguliwi Jumapili asubuhi. Jengo limekaa bure, limepoa, na watu wetu nao wamekaa bure majumbani, wamepoa. Nilimwendea mzee wa Kiingereza mwenye jumba nikamweleza hesabu yangu, akanikodisha asubuhi zile kwa akiba yangu ya cherehani. Sikumbembeleza. Hakuna aliyenishika mkono katika jambo lile, hata wewe ulisema, "Mwanamke na sinema wapi na wapi?" kabla hujajiteua mwenyewe kuwa bwana mkubwa wa mlangoni.

Jumapili ya kwanza yule mzee alitoka ofisini mbio, uso umemwiva. "Wanapigana humo ndani?"

"Hawapigani," nikamwambia. "Wanatazama."

Wahindi wa Kisumu, Waarabu wa Lamu, wauguzi wa Kikuyu waliotoka zamu bado wamevaa viatu vyao vyeupe, wote wakimtukana adui kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ya matusi tuliyokuwa nayo sote. Bhajia kwenye gazeti, chai kwenye chupa, na wewe mlangoni katika koti lako refu, unachana tiketi na kuahidi watu, "Leo stelingi atawapiga mpaka mtawaonea huruma." Nilikuwa nakutazama kutoka kwenye ngazi. Ulikuwa mzuri, Karim. Nasema hivyo ili usidhani nimekuja kukutukana tu.

Lakini siku ile ya Mama.

Kila mtu hapa anaisimulia, na kila mtu anaisimulia vibaya. Vijana wa mabuti, wale Wazungu wanaonyoa vichwa na kuwawinda wageni, walimkuta Mama kwenye kituo cha basi, barabara ya Stratford, wakamvuta mtandio kichwani, wakaukanyaga kwenye matope. Mama alirudi nyumbani kichwa wazi, akaweka maji ya chai jikoni. Wewe ukaanza kuvaa viatu. "Kichwa kipo, mwanangu," alisema. "Mtandio nitajifunga mwingine. Keti unywe chai."

Hukuketi. Ulichukua mnyororo wa baiskeli, ukauzungushia mkononi, ukajitazama kwenye kioo cha ukumbini. Nilikuona, kaka. Uliigeuza kofia kidogo pembeni. Nikasimama mlangoni.

"Wako wangapi?" nikakuuliza.

"Sikuuliza."

"Basi kaulize kwanza. Wewe ni mmoja."

Ukanifinya shavu kama mtoto. "Stelingi hahesabiwi," ukasema, ukanipita.

Katika filamu zile tulizozitazama, mtu akichomwa kisu huanguka, husema neno moja la maana, hufa. Wewe walikuchoma kisu siku ile, lakini hukufa hivyo. Ulikaa wodini tangu majani ya miti ya Edgbaston, nje ya dirisha la hospitali, yalipokuwa yakidondoka mpaka yalipoanza kuchipua tena. Ulikonda mpaka pete ikakutoka kidoleni. Kidonda kilinuka, na wewe ulikijua kinavyonuka, ukawa unageuza uso tukiingia. Hukusema neno lolote la maana. Ulisema, "Nigeuzeni." Ulisema, "Mama, nigeuze, nigeuze tena." Na yule kijana uliyempiga kwa mnyororo alikuwa wodi ya chini, jicho limepotea. Mama yake alikuwa akikaa kwenye benchi lile lile la ukumbi tulilokaa sisi. Hakuwa na Kiswahili, Mama hakuwa na Kiingereza. Siku moja Mama alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yetu. Yule mwanamke akaipokea kwa mikono miwili, akainywa, akalia. Nilikasirika sana siku ile. Nilitaka kuinyakua. Sasa hasira ile nimeihamishia kwa watu wengine.

Maana tulipokuzika, watu walianza kukutengeneza upya. Sule ndiye fundi mkuu. Kila mkusanyiko, kila harusi, kila futari anasimama: "Karim alikufa kama stelingi! Papo hapo, amesimama wima!" Papo hapo, kaka. Mimi niliyefua mashuka yako naambiwa ulikufa papo hapo. Kisha nikaanza kuisikia minyororo. Vijana wanaingia sinema, wanaketi, na makoti yao yanalia. Nikimuuliza mmoja, ananiambia, "Ni kwa ajili ya kaka Karim, Dada Nuru," ananiambia kwa heshima, kama anayenitolea zawadi. Wanangoja siku tu ya kisasi. Na kila mmoja wao ana mama yake jikoni.

Ndipo ikaja filamu hii. Sikuichagua, ililetwa na gari pamoja na nyingine, na kama kawaida yangu niliitazama peke yangu kabla ya kuwauzia watu tiketi. Ni ya kauboi, ina farasi, ina vumbi, ina stelingi mwenye kofia. Anakwenda kulipiza kisasi cha nduguye. Anampiga risasi kijana mmoja kando ya kisima, na kamera, badala ya kumfuata stelingi na farasi wake, inabaki na yule kijana. Wanamlaza juu ya mlango uliong'olewa, wanambeba mpaka kwao. Mama yake anamvua shati, analifua, anakaa kizingitini analishona tundu la risasi. Stelingi mwenyewe amepata jeraha dogo tu la paja, la kuchekesha, wala halitii hofu. Jeraha linaoza. Anakufa ghalani juu ya majani makavu, anaomba maji, hakuna wa kumpa. Na filamu bado nusu nzima! Iliyobaki ni mkewe analima, na yule mama mwingine anavaa shati la mwanawe kwenda shamba, kwa sababu shati bado zima.

Nilikaa pale peke yangu katika viti vyote vile, nikajua nimekuona.

Jumapili nikaionyesha. Walipiga kelele zao tangu mwanzo, wakamfundisha stelingi nani amejificha wapi, wakamkaripia farasi. Alipolala ghalani wakamtania: "Amka we, mbona mvivu!" Alipofunikwa uso, wakangoja ainuke, kisha mke akaonekana na jembe, na Sule akaruka kutoka kitini.

"Zima! Zima mashine! Nuru, umechanganya mikanda!"

"Ya mwisho imewekwa kati!" mwingine akadakia. "Turudishieni pesa!"

Nikashuka mpaka mbele, nikasimama kwenye mwanga, mke wa watu akilima usoni mwangu. "Mikanda iko sawasawa," nikasema. "Hivi ndivyo ilivyo."

"Stelingi hafi!" Sule akapaza sauti, na jumba zima likaitikia, kwa kicheko na kwa hasira.

"Karim alikufa," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Usimtie Karim humu," Sule akasema. "Karim alikufa kishujaa, papo hapo."

"Alikufa akiomba ageuzwe. Ulikuja hospitali mara moja, Sule. Ukasimama mlangoni umeziba pua."

Bibi mmoja akafunga bhajia zake. "Tumekuja kustarehe, mwanangu, si matanga." Wakatoka zaidi ya nusu. Sule akanisubiri kwenye ngazi, pale ulipokuwa ukichana tiketi, akaniwekea masharti: Jumapili inayofuata niikate filamu mahali stelingi bado yuko juu ya farasi, mwanga uwashwe, watu waende zao wamefurahi. Nisipoikata, hakuna wa kwetu atakayekanyaga tena. "Na bila sisi jumba huna. Wewe mtu wa hesabu, piga hesabu."

Nilipiga. Alisema kweli. Miaka yangu yote ya cherehani imo katika viti vile.

Nikamwambia aende salama.

Jumapili iliyofuata niliipanga mikanda mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kukata hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Walikuja wachache, wauguzi watatu wanne, mzee mmoja wa Lamu aliyefuata joto. Na Mama. Mama ambaye tangu ulipoondoka hakuwahi kuingia sinema, alivuka mlango na mtandio wake, akakaa kiti cha pembeni karibu na njia, mkoba juu ya magoti. Sikumwita. Sijui nani alimwambia.

Stelingi alipolazwa ghalani, Mama akaanza kusema naye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mgeuzeni," alisema. "Hamwoni anataka kugeuzwa? Ubavu wa kushoto." Hakuna aliyecheka. Alipofunikwa uso, Mama alisoma dua anazosoma, akapangusa mikono yake kwenye mtandio.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kijana mmoja wa kundi la Sule, nadhani alitumwa aje kuhesabu ni wangapi tumebaki. Alitembea akipapasa viti gizani, na mnyororo ukalia ndani ya koti lake. Akafika alipo Mama asimtambue. Akainama, na kwa mazoea yetu wote, akanong'ona, "Stelingi nani?"

"Ameshakufa, baba," Mama akamjibu. "Kaa. Filamu haijaisha."

Kijana akabaki amesimama. Kwenye kitambaa cha sinema yule mama wa kijana wa kisima alikuwa anavaa shati, anavifunga vifungo, anatoka. Mama akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani. Kijana akakaa. Sijui mnyororo ameupeleka wapi, na sitakudanganya kwamba aliuacha. Ila alikaa mpaka taa zikawashwa, na alipoinuka alimshika Mama mkono kumvusha ngazi.

Basi haya, Sule, kama umesoma mpaka hapa: Jumapili ijayo ni ile ile, nzima. Nikibaki na Mama tu ndani ya jumba, mashine itawashwa.

Na wewe, kaka, lala. Nimekukasirikia kuliko ninavyoweza kuandika, na kila ninapochana tiketi kidole changu kinapita pale kilipokuwa kikipita chako. Sheria yako nimeikataa. Njugu zako bado nazinunua.

Mdogo wako anayehesabu,
Nuru