Biskuti za arobaini na pua yangu

Alhamisi, baada ya Alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Pate tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Naandika mbio kabla sijaghairi. Ukiona herufi zimepandana, ndiyo sababu. Si ujinga.

Nina hofu. Mimi, ambaye muyi mzima, mji wote huu, wauogopa ulimi wangu, nimekaa uani mgongo ukutani, na sitaki kuingia jikoni mwangu mwenyewe.

Haya, nianze vizuri.

Rukia, mjukuu wangu, alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Amu, yaani Lamu. Mama yake, yaani Salma binti yangu, anafanya kazi Mombasa, na alitaka mzazi na mwanawe wapelekwe kwake. Nikakataa. Nikamwambia Salma, arobaini yako wewe uliikalia kwenye chumba hiki hiki, mimi nikikukanda, na mtoto wako ataikalia hapa. Huko ghorofani kwenu nani ajuaye kumkanda mzazi na kumfukiza udi? Akakubali. Kwangu hukubali wote.

Basi wako hapa, Rukia na mwanawe. Na arobaini imekaribia, wanawake watakuja kusoma dua na kula, na Rukia hataki visheti wala kaimati. Anataka biskuti alizoziona kwenye simu. Nene, nyeupe, laini, zimepakwa krimu ya rangi ya waridi juu yake kama ukuta uliopigwa lipu.

"Hizi ni biskuti au ni magodoro?" nikamuuliza.

"Bibi, utapika au huwezi?"

Anacheka, mshenzi. Alijua anachokifanya. Hakuna aliyewahi kuniambia siwezi.

Sasa sikilizeni nyinyi mnaooka kwa kubonyeza vitufe. Mimi huoka kwa makaa, juu na chini. Sufuria nzito, mchanga kidogo ndani, sinia juu ya mchanga, kifuniko, kisha makaa ya moto juu ya kifuniko. Na hufunui. Ukifunua, joto lote limekwenda zake. Pua ndiyo inayokuambia. Kwanza utasikia samli, kisha sukari, kisha ule utamu wa kitu kinachotaka kuungua. Hapo ndipo unapoondoa. Maharusi wangapi wa muyi huu wamekula nilichooka kwa pua hii, sina haja ya kuhesabu.

Na pua hii imekufa.

Sijamwambia mtu. Tangu ile homa ya mafua iliyonilaza kabla ya Ramadhani, sisikii harufu yoyote. Asumini hainukii. Samaki hanukii. Nikadhani itarudi, mafua ni mafua. Haikurudi. Nikajifunza hila. Jirani yangu Bi Zena akipita namwambia, "Zena, hebu nusa maziwa haya, mimi mikono imejaa kitunguu." Ananusa, ananiambia, nami najifanya nilikuwa najua.

Juzi nilikuwa namfukiza Rukia udi. Nikaona moshi mwembamba, nikaongeza kipande kwenye chetezo, nikaongeza na kingine. Rukia akakohoa mpaka akatoka machozi. Bi Zena akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "Bi Maryamu! Yeo wamfukiza mzazi au wafukuza majini?"

Nikamjibu udi wangu ni mzuri, si kama ule wake wa vumbi. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Kwa nini naficha? Kwa sababu nilipopona ile homa Salma aliniambia kwa simu, taratibu, kama anayezungumza na mtoto: "Mama, jambo moja likikupata tena ukiwa peke yako, nitakuja kukuchukua. Sitakuuliza." Na Salma ni mwanangu mimi. Akisema atakuja, atakuja.

Nimewahi kukaa kwake. Mlango unafungwa, wa jirani unafungwa, mchana kutwa hakuna mtu wa kumsalimia wala wa kumgombeza. Nilikuwa natazama paa za watu kutoka dirishani. Kunitoa Pate na kunipeleka kule ni kunizika na pumzi zangu.

Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo mpaka leo asubuhi. Sasa nina nyingine, na ile ya kwanza naiona ndogo.

Tulianza baada ya chai. Rukia nilimkalisha kwenye kibao nje ya mlango wa jikoni, ananisomea kutoka kwenye simu. Ndani sikumruhusu. Mzazi haingii jikoni kwangu kabla ya arobaini, hainami motoni, hashiki maji baridi. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyolea.

Siagi na sukari nikazipiga kwa mkono mpaka zikawa nyeupe. Mayai, maziwa mala kidogo, unga, beking pauda. Nikatia iliki, simu haikusema iliki lakini simu haijui kitu. Unga ukawa laini kama ndewe ya sikio. Nikausukuma mnene, nikakata kwa mdomo wa bilauri, nikapanga kwenye sinia, nikafunika, nikapalia makaa juu. Kisha nikasimama pale kusubiri pua.

Nikasahau kuwa sina.

Wallahi nilisahau. Mwili una desturi zake. Nikasimama mkono kiunoni kama nilivyosimama maisha yangu yote, nangoja harufu inigonge, na harufu haikuja. Nilipoona moshi unatoka pembeni ya kifuniko, biskuti zote zilikuwa nyeusi.

"Bibi," Rukia akasema kutoka nje, "mbona umeacha ziungue? Harufu imejaa mpaka huku."

"Makaa haya mabaya. Siku hizi watu wanauza takataka."

"Na hizi hazingojwi zinukie. Zinatolewa zikiwa bado nyeupe, hata hujasikia harufu. Zikinukia zimeshakauka."

Ungeuona moyo wangu ulivyoruka. Biskuti zisizohitaji pua! Nikasema alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu amenifichia aibu yangu. Zitaokwa kwa jicho, nami jicho ninalo. Watakula, watasifu, Salma atakuja kwenye arobaini atakula, ataona mama yake mzima.

Nilikuwa na furaha, ndiyo, na furaha ikanifanya niwe na haraka.

Mtoto akalia, Rukia akaingia chumbani kumnyonyesha. Mimi nikataka krimu iwe tayari. Siagi ya krimu ilikuwa ngumu, nikaiweka kwenye kisufuria juu ya meko, ule mtungi mdogo wa gesi ambao Salma alininunulia nami huutumia kwa chai tu. Moto mdogo kabisa. Nikapanga biskuti za pili kwenye sinia, nikafunika. Kisha nikatoka uani kwenye seredani kuchukua makaa mapya ya juu na ya chini, yale ya kwanza yalikuwa yameshakuwa majivu. Mlango ulipofunguka, upepo uliingia. Lazima ndio uliozima ule moto. Mimi sikuuona. Na uani nilikawia, makaa yalikuwa hayajashika vizuri, nikayapepea mpaka yakawa mekundu. Nikayajaza kwenye bati.

Nikarudi na bati la moto mikononi.

Rukia alikuwa amesimama ndani ya jikoni, mtoto begani.

Sikuona kitu kingine. Niliona mzazi jikoni kwangu. Ghadhabu ikanipanda.

"Bibi, simama hapo hapo!"

"Nani anakuambia uingie? Wanipigia kelele mimi nyumbani kwangu?"

"Bibi, usije! Gesi! Rudi na moto!"

Nami nikapiga hatua mbele. Andikeni hilo. Niliambiwa simama, na nikapiga hatua mbele, kwa sababu mtoto niliyemfunga nepi mimi alikuwa ananiamrisha. Nilitaka kumtoa jikoni. Makaa mekundu mikononi, kitukuu wangu mbele yangu, na mimi nabishana habari ya desturi.

Rukia aligeuka, akafunga kitufe cha meko, akanijia kwa kasi na kunisukuma kifuani kwa mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mtoto. Hajawahi kunigusa hivyo. Nikarudi nyuma nje, bati likaanguka uani, makaa yakatawanyika kwenye mchanga.

Tukatazamana.

"Hukusikia harufu?" akasema. Alikuwa mweupe mdomoni. "Mimi imenitoa chumbani. Jikoni kote kunanuka kama mayai viza. Bibi, hukuisikia?"

"Niliisikia," nikasema. "Nilikuwa naja kuzima."

Akayatazama makaa pale chini. Akanitazama mimi.

"Ulikuwa waja kuzima gesi na makaa ya moto?"

Nikainamisha macho. Mimi.

Aliniketisha hapa nilipo sasa. Akafungua madirisha, akaukokota mtungi mpaka pembe ya uani, na mzazi hatakiwi kubeba kitu kizito, na sikumkataza. Kisha akaja akanipa mtoto. Hakunipima kwa kitunguu wala kwa marashi ya haludi. Alinipa mtoto tu, akaniuliza kwa upole:

"Ananukia nini, Bibi?"

Kila asubuhi watu huniona namweka pua kichwani, pale utosini, navuta pumzi na kusema mashallah. Wote hucheka, husema Bi Maryamu anamlevya mtoto. Ni uongo. Navuta pumzi, hakuna kinachoingia ila hewa. Salma nilimjua kwa harufu kabla ya kuujua uso wake. Rukia hivyo hivyo. Huyu simjui.

Nilimwambia Rukia. Nikalia, sitaki kuandika nililia vipi.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alisema tu, "Mama lazima ajue. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Na akaniambia jambo jingine linalonitia baridi mpaka sasa. Kwamba kwa sheria yangu angekuwa amekaa chumbani. Kwamba alisikia ile harufu akasita, akajiuliza, Bibi atakasirika nikiingia. Alisita. Alikuwa ananiogopa mimi kuliko gesi.

Hilo nalirudia kichwani na siwezi kuliondoa.

Biskuti? Tuliziokea uani, kwenye hewa. Nilijiambia uani si jikoni, nikamruhusu akae karibu yangu. Tulifunua kifuniko. Mara ya kwanza maishani nimefunua kifuniko. Tukabonyeza kwa kidole, tukafunika, tukafunua tena, na tukaziondoa zikiwa nyeupe, chini zimepata rangi kidogo tu. Krimu nilipiga kwa siagi iliyolainika yenyewe kwa joto la uani, sukari ya unga na tone la rangi. Zimetoka nzuri kwa macho.

Nikaonja. Utamu ulikuwepo ulimini, na chumvi kidogo. Zaidi ya hapo ilikuwa kama kutafuna pamba yenye sukari. Iliki sikuiona kabisa.

Bi Zena akaja, hajui kitu, akala moja akachukua ya pili kabla ya kumeza. "Bi Maryamu, hizi ni laini kama shavu la huyu mtoto. Kupima iliki hivi nani kakufunza?"

Zamani ningemwambia, nilizaliwa nikijua. Leo nilimwuliza, "Kweli yasikika?" Akanishangaa. Labda mimi sijawahi kumwuliza Zena kitu kwa kutaka jibu lake.

Sasa wamelala ndani, mzazi na mwanawe, kabla ya Magharibi. Ndio nimeshika simu.

Ukurasa huu Rukia alinifungulia ili wajukuu walio mbali wasikose maneno yangu. Shule sikuifikia, nilisoma Kurani chuoni, na hizi herufi nyingine nilifunzwa kwenye ngumbaru. Lakini Salma husoma kila neno. Ndiyo maana tangu nipone nimeandika habari za mvua, za punda wa jirani, za wanawake wasiojua kupika. Nilikuwa naandika ili asijue. Leo nimeandika hivi, na kidole kiko juu ya ile alama ya kutuma, na naogopa kuliko nilivyoogopa pale mlangoni. Pale sikuwa na muda wa kuogopa.

Nikituma, huenda nikaipoteza nyumba yangu. Nisipotuma, nitaamka kesho, nitasahau tena kuwa sina pua, na safari ijayo huenda asiwepo mtu wa kunisukuma.

Basi natuma.

Salma, usipige simu ukilia, sitapokea. Wala usipande boti na mabegi matupu ya kunipakia nguo. Kuniuliza utaniuliza, tena mbele ya Rukia, nami nitajibu kweli. Gesi nimeikataa mwenyewe, iko uani, uichukue. Mpeleke mama yako kwa daktari wa pua kama yupo. Mengine tutagombana nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Lakini ukifika, kabla ya yote, kabla hujavua buibui, mchukue mtoto. Mnuse utosini. Kisha njoo uketi karibu yangu uniambie ananukiaje.