Risasi Haiingii kwa Nyundo

Iliasi,

Sombe ya majani ya muhogo iko mu sufuria. Pasha moto, usiiunguze. Nyani wakirudi mu shamba, piga debe wakimbie, si bunduki.

Asubuhi nimekukuta unagonga risasi kwa nyundo, eti iingie mu bunduki ya zamani ya jeshi aliyotuachia baba. Nikaweka ganda la risasi ya baba kando ya yako: lake refu, yako fupi na nene. "Yaya, risasi ni risasi," ukanijibu mimi dada yako mukubwa. Viatu pia ni viatu, mwerevu wangu, lakini vyangu havikuingii. Bunduki ingekupasukia usoni!

~~Risasi zako nimezificha chini ya~~ Hapana, utazitafuta. Nimezipeleka mjini Kasongo pamoja na komeo la bunduki, bila hilo haifyatuki, fundi wa bunduki alinganishe namba za risasi na za bunduki.

Nuru, bibi uliyemuoa, iko na mimba. Anataka mutoto amukute baba yake, hata kama ni mupumbavu.

Yaya Rachida