Mlango Aliouchonga Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za baba. Hujambo? Wifi na watoto nao? Sisi tunaendelea, ila magoti ya baba yamegoma, naye anayatukana kama mafundi wavivu.

Nimekuandikia kuhusu mlango wa mbele, ule aliouchonga mwenyewe kabla hatujazaliwa. Mvua zilikuwa zimeuvimbisha, na urembo wa mbao wa pembeni upande wa kushoto ulioza wote ukadondoka. Seremala wa mtaani alinishauri niweke wa chuma. Baba aliposikia alisema milango ya chuma ni ya jela, akaagiza kiti chake kipelekwe kibarazani.

Basi wiki tatu nimekuwa mwanafunzi wake. Tulibandua rangi, kijani, bluu, kijani tena, mpaka mbao ikaonekana. Urembo wa kulia ulikuwa mzima, tukaufanya kiolezo. Mikono yake inatetemeka, haiwezi tena patasi, hivyo yeye alipapasa mifereji ya kiolezo kwa kidole, mimi nikachonga. Vipande vinne nimeharibu. "Taratibu, binti yangu," alikuwa akisema. "Mbao haina haraka, mwenye haraka ni wewe."

Jumanne tulipigilia kipande cha mwisho. Baba aliushika mlango, akasema polepole kwamba tangu ugombane naye ukaondoka, miaka kumi na moja sasa, hujarudi hata kubisha hodi.

Kaka, hapo nilishindwa kuvumilia. Ulibisha. Mwaka ule wa pili, mchana, ulipiga hodi mara tatu, ukaita, "Baba, ni mimi." Baba alikuwa amelala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Sikufungua. Niliwaza: ameniachia mzee peke yangu, leo aje apokewe kama mgeni wa heshima? Nikasikia hatua zako zikitokomea. Tangu hapo barua zako hazimtaji baba, na sababu naijua mimi.

Nimemwambia yote. Hakunilaani. Leo asubuhi ameniambia nikuandikie, nisijipendelee, na niseme kwamba yeye hakusikia hodi yako. Hilo ameagiza niliandike mara mbili. Baba hakusikia hodi yako.

Mimi sistahili jibu. Yeye analingoja.

Nisalimie wifi, na watoto wasionijua.

Mdogo wako,
Kitindamimba