Meli ya Ndabibi

Ndabibi, Jumapili jioni

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na mwani wako umekauka kabla ya mvua. Huku mvua tumeipata, na baridi yake nayo. Nalala na soksi, mama, mimi mtoto wa pwani. Dada Mwanaisha anayekusomea asiruke mstari hata mmoja, hasa ule wa mwisho.

Uliniuliza kwenye simu mwanamaji anafanya nini mahali pasipo na bahari. Nilicheka tu, maana jambo lenyewe si la kusemwa kwa simu. Unaikumbuka ile meli ya kubeba ndege ambayo nchi yetu ilinunua, ikapita mbele ya kijiji ikaziba kisiwa kizima, na wazee wakaulizana tunakwenda kupigana na nani? Meli iko huko kwenu, ila marubani wake wanafunzwa huku. Rubani hawezi kuanza kujifunza kutua juu ya meli yenyewe, atavunja ndege na shingo. Kwa hiyo hapa Ndabibi, katikati ya malisho, wamemwaga lami na kuchora juu yake sitaha ya meli kwa rangi nyeupe, urefu ule ule na upana ule ule. Nje ya mistari ni nyasi, lakini sisi tunaziita bahari.

Nilipofika niliona ni mchezo wa watoto. Ukivuka mstari bila ruhusa, wenzako wanapiga kelele kwamba umezama. Kila asubuhi tunajipanga bega kwa bega kuokota vijiwe visije vikaingia kwenye injini, na pamoja na vijiwe tunazoa mavi ya ng'ombe wa Mama Njeri, jirani yetu ambaye shamba lake limepakana na hiyo bahari. Siku ya kwanza nilimwomba awahamishe.

"Si mlisema huku ni bahari?" akanijibu. "Basi wacha ziogelee, boss. Na hii meli yenu itaenda lini?"

Tangu siku hiyo ananiletea chai ya maziwa, na mimi simwambii tena habari za ng'ombe.

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya hiyo meli na taa na redio. Ndege ikija vizuri naiacha iguse lami na kupaa tena. Ikija chini mno nawasha taa nyekundu, na rubani lazima apae hata kama mwenyewe anajiona yuko sawa. Neno langu ndilo la mwisho. Cheka, mama. Huko nyumbani nilikuwa siulizwi hata mboga ya kupika.

Kati ya marubani kuna Chepkoech, binti wa wafugaji wa Njoro. Huyo anapenda kuuliza sijapata kuona. Maji ya bahari huenda wapi yakitoka? Nani huyarudisha? Yana harufu gani? Hajawahi kuiona bahari, mama. Anajifunza kutua juu ya kitu kinachoelea, na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Naivasha.

Wiki iliyopita alifanya mtihani wake wa mwisho. Alikuja chini. Nikawasha nyekundu, nikamwambia kwa redio apae. Hakupaa. Magurudumu yakagusa nyasi kabla ya mstari, yakaserereka mpaka kwenye lami, na ndege ikasimama katikati ya meli, nzima kabisa. Akashuka anatabasamu. Mama Njeri alikuwa kwenye ua wake, akapiga makofi. Mimi nilikuwa bado nimeiwasha ile taa nyekundu. Pale kwenye nyasi mimi niliona ukuta wa chuma wa nyuma ya meli, na maji chini yake.

"Umezama," nikamwambia.

"Lakini si niko hapa?"

"Mbona hukupaa?"

Akafikiri kwanza, maana si mtu wa kudanganya. "Nilijua chini ni nyasi," akasema. "Ningeogopa nini?"

Jioni Mama Njeri alikuja na chupa ya chai. "Bakari, si useme tu amepita? Huyo msichana ako mzima. Na amekuwa akilia huko nyuma ya stoo."

Chai ilinishinda. Kamanda ameniachia mimi niamue. Nikisema ndiyo, Chepkoech anakwenda kwenye meli yenyewe. Nikisema hapana, anarudishwa kwenye ndege za mizigo na mambo ya meli yameisha kwake. Roho inaniuma, mama. Nikimpitisha kwa huruma, naweza kuwa mimi niliyemuua.

Basi nimeomba apewe likizo kisha arudie mtihani, na likizo hiyo nimemwomba aje kwako. Najua unachowaza. Si mchumba. Ukianza kumpikia pilau ya posa utaniaibisha. Hajui kuogelea, na atakuuliza maswali mpaka uchoke, lakini mjibu yote.

Mpeleke shambani kwako, kwenye mwani. Yeye ni mtoto wa shamba, kufunga mbegu kwenye kamba atajua upesi. Maji yakiwa yametoka ataona ni uwanja tu kama huu wetu, mchanga mpaka mbali. Mwache aone hivyo. Fanyeni kazi, pigeni soga, na maji yakianza kurudi usimwambie.

Nisalimie shangazi Mishi na viazi vyake vya karai, nimevikumbuka mpaka ndotoni. Nisalimie na baba mdogo Salimu, fundi baiskeli, mwambie ile pampu yake iko kwangu, sijaiuza.

Na huu ndio ule mstari wa mwisho. Maji yakimfika kiunoni, ukaona ameacha kuuliza maswali, mshike mkono umtoe.

Mwanao akupendaye,
Bakari