Bima ya Gari Lisilo Langu

Jumatano, Machi 2014. Muaither, Doha.

Vumbi tangu asubuhi. Anga limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na nikifunga mdomo nasikia mchanga kwenye meno. Niko chumbani kwangu karibu na geti. Watoto wa nyumba hii wamerudi kutoka shule na wamelala kidogo, kwa hiyo nina muda kabla sijaitwa. Sijaandika hapa tangu ajali. Sikujua nianzie wapi.

Nianze na shingo yangu.

Kwetu Bungoma, ukitaka kuingia kwenye raundabauti unatazama kulia, maana magari yanatokea kulia. Huku yanatokea kushoto. Nimeendesha Doha zaidi ya mwaka, nina leseni ya hapa, sijawahi kumkwaruza mtu. Lakini siku ile wiki iliyopita shingo ilikumbuka nyumbani. Nilitazama kulia, nikaona barabara ni nyeupe, nikaingia. Pikipiki ilikuwa tayari ndani, inatokea kushoto. Nilisikia kishindo kabla sijaona mtu.

Aliyegongwa anaitwa Bhim. Ni Mnepali, anasambaza chakula cha mkahawa mmoja. Nilimkuta chini kwenye lami, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindiki, wali wa watu umemwagika pembeni yake. Nilipiga magoti nikamshika mkono. Akaniuliza neno moja tu: "Pikipiki?"

Nikamwambia iko sawa. Haikuwa sawa.

Baba alikuwa kwenye kiti cha mbele kando yangu, anaangalia simu. Baba ni mwajiri wangu. Wafanyakazi wa nyumbani ndivyo tunavyomwita, ingawa mimi nimemzidi umri. Trafiki walipofika, yeye ndiye aliyeshuka kuzungumza nao. Kiarabu changu ni cha dukani na cha kituo cha mafuta, kwa hiyo maneno yalinipita kama magari ya barabara kuu. Moja tu lilisimama. Baba alijipiga kifua akasema, "Ana shahid."

Neno hilo halihitaji mkalimani kwa mtu wa Kiswahili. Shahidi: alisema yeye ni shahidi. Lakini shahidi wa nini, na macho yake yalikuwa kwenye simu?

Nikasogea. Nikamwambia askari kwa Kiingereza, "Bwana, mimi ndiye niliyeingia. Sikumwona." Baba akaniwekea mkono begani, akacheka kidogo, akamwambia askari jambo. Askari akanitazama kwa upole, vile unavyomtazama mtu mwenye homa.

Tukiwa tunarudi, Baba akanieleza. "Nimemwambia umeshtuka, hujui unachosema. Nimemwambia yule wa pikipiki ndiye aliyekukatia njia. Nimekusaidia, Wafula. Ungelala ndani leo."

Na mimi nilimshukuru.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisema "shukran, Baba" na nilimaanisha.

Jumapili jioni nilikutana na Dada Akinyi. Ni muuguzi, tunasali pamoja, na hospitali anayofanya kazi ndiyo alikolazwa Bhim. Nilimweleza nikidhani atanipa pole. Badala yake akaniuliza:

"Wafula ndugu yangu, unajua bima ya gari ni ya nini?"

Nilijua inahitajika ili gari lipewe istimara, ile kadi ya usajili ambayo polisi huiomba pamoja na leseni. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza. Miaka yote nimeshika usukani, nyumbani na huku, bima kwangu ilikuwa kitu cha mwenye gari.

"Sikiza," akasema. "Sheria ya hapa, kila gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu si wewe na si Baba yako. Ni yule uliyemgonga. Bima inamlipa fidia ya mguu wake. Lakini inamlipa kama kosa ni la gari lenu. Wakiandika kosa ni la Bhim, bima yenu haina habari naye."

"Na kosa likiwa langu, si watanidai mimi?"

"Una leseni halali? Ulikuwa umelewa? Ulipita taa nyekundu?"

"Nina leseni. Hayo mengine hapana."

"Basi ungelipa faini yako, bima ilipe fidia. Hiyo ndiyo kazi yake."

Nikamuuliza kwa nini basi Baba alisema alichosema. Akaniuliza kama bampa ya gari inatengenezwa. Nikasema ndiyo, iko gereji.

"Bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari la mwenye kosa," akasema. "Kosa likiwa la Bhim, bima ya pikipiki ndiyo inayotengeneza bampa yenu."

Bampa.

Jumatatu nikaenda hospitalini. Nilitaka kumwambia Bhim mwenyewe, kwa hicho Kiingereza chetu cha kuungaunga. Nikamwambia, "Kosa ni langu. Nilitazama upande mwingine."

"Najua," akasema. "Niliona kichwa chako. Nilikuwa naona sikio lako tu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kampuni yake imemwambia apone kwanza, kisha watamrudisha kwao, maana mwenye mguu ule hawezi tena pikipiki. Kisha akasema, "Waambie trafiki."

"Niliwaambia."

"Waambie tena."

Leo asubuhi, baada ya kuwashusha watoto shuleni, nilienda ofisi ya trafiki. Askari wa dirishani alikuwa mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Akatafuta kwenye kompyuta. Akasema gari si langu, bima si yangu, na maelezo yaliyopo ni ya mwenye gari. Kama kuna la kubadilisha, nije naye.

"Lakini mimi ndiye niliyekuwa naendesha," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Njoo naye."

Nilisimama pale nikisukumwa na waliokuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeshaielewa bima yote, na ilikuwa hainihusu.

Adhuhuri nikamuomba Baba twende pamoja trafiki. Nilichagua saa ambayo amekula na ametulia. Hakupandisha sauti. Alisema Bhim ana kampuni, kampuni itamwangalia. "Wewe una mimi," akasema. Halafu, kwa sauti ileile ya upole: "Umechoka kazi, Wafula? Nikukatie tiketi?"

Pasipoti yangu iko kabatini mwake. Nikamwona Nekesa, mke wangu, akipokea simu ya kuambiwa narudi. Nikawaona watoto.

"Hapana, Baba," nikasema.

Nimetoka kumpigia Bhim sasa hivi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za trafiki, lakini hakuuliza. Alisema kesho daktari anataka asimame kwa magongo kwa mara ya kwanza, na anaogopa kuanguka. Wenzake wote wako kazini mchana. Akauliza kama ninaweza kupita nikitoka kuwashusha watoto, nimshike upande wa mguu mbaya.

Nikamwambia nitakuja.

Akasema nisichelewe.